Mtoto wangu aliuliza mfereji uko wapi Darajani

Ndugu Mhariri,

Assalaam alaykum. Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie mifereji, yaani mabomba ya maji ya kunywa, kwa ajili ya watoto katika Mji Mkongwe wa Zanzibar. Nitaanzia mbali, Roma, kwani huko ndiko jambo hili liliponikaa moyoni.

Mimi ni mtembeza watalii. Kiitaliano nimejifunza Kiwengwa, kwa wageni, na wengi ninaowatembeza mjini ni Wataliani. Mdogo wangu wa kike ameolewa Roma, na Juni, skuli zilipofungwa, alitualika sote: mimi, mama watoto na watoto wetu watatu, wa miaka minane, wa miaka mitano, na mdogo aliyekuwa ndiyo kwanza ametimiza mwaka na nusu. Tuliondoka hapa kwenye kipupwe, usiku tunajifunika shuka, tukateremkia jua ambalo saa saba mchana linachoma kama la Februari hapa kwetu.

Siku ya mwanzo, karibu na Colosseo, ule uwanja wa kale wa michezo, mtoto wa kati alianza kulia kiu. Nikanunua chupa moja ndogo kwa muuza vinywaji wa barabarani, nikatozwa euro 3, karibu shilingi 9,000. Chupa moja kwa watoto watatu. Mkubwa alipiga mafunda mawili akampa mwenzake, na nikaona kwamba kiu yake haijakatika, anaona haya tu kuomba nyengine. Jambo hilo liliniuma.

Jioni nilipomhadithia mdogo wangu, alinigombeza: "Kaka, hapa mtu hanunui maji njiani. Kesho nitakuonyesha."

Asubuhi akatupeleka pembeni ya uwanja mmoja wa mtaani kwao Testaccio. Pana nguzo ya chuma, nene, rangi ya kijivu, inanifika kifuani, imepigwa muhuri wa herufi SPQR, alama ya mji wa Roma, na kutoka ubavuni mwake umechomoza mrija uliopinda kuelekea chini. Waroma wanaiita nasone, maana yake pua kubwa. Maji yanatoka mfululizo, usiku na mchana. Mkubwa wangu akainama akinge kwa viganja, na bibi mmoja mtu mzima aliyekuwa anajaza chupa yake akamzuia kwa upole. Akamshika mkono, akamwekea kidole cha shahada kwenye mdomo wa mrija, akaubana. Kumbe juu ya ule mrija, pale unapopinda, pana kitundu. Maji yaliponyimwa njia ya chini yakaruka juu kwa kitundu kile, membamba, yamesimama, sawa na midomo ya mtoto. Akanywa. Akapumua, akanywa tena. Kisha akaziba yeye kwa kidole chake ili mdogo wake anywe, na huyo wa mwisho tukamnyanyua kutoka kwenye kigari akayapiga makofi yale maji mpaka nguo ikarowa.

Mkubwa akaniuliza, "Baba, maji haya ya nani?" Shangazi yake akamjibu, "Ya mji, mwanangu."

Nilikuja kusoma baadaye kwamba nasone zilianza kuwekwa mwaka 1874, zama za meya Luigi Pianciani, na leo Roma ina zipatazo 2,500. Maji ni yale yale yanayoingia majumbani. Kuanzia asubuhi ile safari yetu ilibadilika. Chupa tulizonazo tulizijaza mara sita, mara saba kwa siku. Watoto walishindana nani ataiona nasone ya mbele kabla ya mwenzake, na ushindani huo ndio uliowatembeza, maana mawe ya njia za Roma ni magumu kwa miguu midogo, na kigari kinarukaruka kama unakisukuma katika vichochoro vya Shangani. Tulikwenda bahari ya Ostia, tulikwenda Ijumaa katika msikiti mkubwa wa Roma uliofunguliwa mwaka 1995, tuliingia makumbusho ya serikali ambako aliye chini ya miaka 18 halipi kiingilio. Yote yalikuwa mazuri. Lakini mzazi aliyesafiri na watoto wadogo atanielewa nikisema kwamba furaha ya siku nzima inategemea maji, choo na kivuli. Mtoto mwenye kiu haoni Colosseo wala haoni bahari.

Tukarudi. Wiki ya pili skuli zilikuwa bado hazijafunguliwa, nikamchukua mkubwa Darajani kununua viatu. Saa sita mchana, umati wa watu, harufu ya pweza na matope. Akanivuta kanzu: "Baba, mfereji uko wapi?" Nikasimama nisijue nielekeze wapi. Nimezaliwa mji huu. Natembeza watu mitaa hii kwa riziki yangu na kila mlango wa kuchonga naujua una misumari ya aina gani. Nikamnunulia chupa ya shilingi 500 na tupu yake ikaenda jaani pamoja na maelfu mengine.

Kinachoniuma zaidi, Mhariri, ni kwamba sisi jambo hili tulikuwa nalo. Kila siku nawasimulia wageni habari za Sayyid Barghash bin Said, Sultani wa Zanzibar aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, kwamba ndiye aliyeyaleta mjini kwa mabomba maji ya chemchemi kutoka kaskazini ya mji. Mwaka 1875 alifika London, akaona miji ya wenzake inavyoendeshwa. Kwa maana hiyo maji yake na nasone za Roma ni za zama moja. Wataliani huwa wanashangaa nikiwaambia hivyo, na mimi huwa najisikia fahari. Tangu siku ile ya Darajani fahari hiyo imepungua, kwani mgeni akiniuliza, "Na leo watoto wanakunywa wapi?", sina jawabu.

Na kabla ya mabomba, na hata baada yake, kulikuwa na sabili, maji ya sadaka kwa wapita njia. Bibi yangu, Mungu amrehemu, nyumba yake ilikuwa Mkunazini. Kwenye pembe ya baraza, upande unaopata kivuli baada ya adhuhuri, aliweka mtungi juu ya kigoda cha mti, umefunikwa kawa, na kata ya kifuu imelazwa juu ya kawa. Chini ya mtungi mchanga ulikuwa mbichi siku zote. Sisi wajukuu tulikuwa na zamu ya kuujaza baada ya alfajiri, na aliyesahau hakupewa mkate wa kumimina. Mpagazi, mwanafunzi, mwenda sokoni, hata asiyejulikana, akipita hupiga hodi kwa mdomo tu, hunywa, hurudisha kata mahala pake na kusema, "Mungu akulipe." Bibi akiitikia kutoka ndani bila ya kutazama nani. Akituambia kwamba Saad bin Ubada, sahaba wa Mtume, alichimba kisima kikawa sadaka ya mama yake, na kwamba yeye hana uwezo wa kisima, ana uwezo wa mtungi.

Sisemi turudishe mitungi. Kata moja midomo mia haifai, na kipindupindu tunakijua. Wala sisemi tuige nasone kama zilivyo, maji yanamwagika usiku kucha. Hata Roma, ukame wa mwaka 2017 ulilazimisha nyengine kufungwa, na hapa kwetu mitaa mingine maji yanakuja usiku wa manane, mama anakesha na ndoo. Ninachoomba ni mifereji ya kubonyeza, ile inayojifunga yenyewe ukiondoa mkono, yenye maji yaliyosafishwa na kupimwa mara kwa mara, na majibu ya vipimo yabandikwe pale pale watu wayasome. Iwe na mdomo wa juu wa mkubwa na wa chini wa mtoto. Tuanze na michache: Darajani, Bustani ya Jamhuri, Forodhani karibu na wanapochezea watoto, na Mnazi Mmoja njia ya kwendea hospitali, ambako nimeona mama amekaa chini na mgonjwa mikononi akitafuta wa kumuazima kikombe cha maji.

Fedha zinaweza kupatikana. Mgeni anayelala hoteli analipa tozo ya miundombinu kwa kila usiku, na sidhani kwamba yuko mgeni atakayenung'unika akiona sehemu ya fedha yake inatoka katika mfereji ambao na yeye anaruhusiwa kuunywa. Upande wa pili iko Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Watu wetu wanaweka wakfu misikiti, misahafu na mikeka kila mwaka. Wakiambiwa kwamba kwa kiasi fulani unaweza kuweka mfereji ukautunza miaka kumi kwa jina la mzazi wako aliyetangulia, naamini foleni itakuwa ndefu. Mimi ningesimama ndani yake kwa ajili ya bibi.

Utunzaji nao usisahauliwe. Mtaani kwetu kulikuwa na mfereji wa nje ukutani pa msikiti, koki ikavunjika, wenye dhamana wakaahidi, na mwisho ukazibwa kwa saruji. Kovu la saruji lipo mpaka leo, na watoto wanalitumia kupigia mpira.

Tumezungumza, mimi na watembeza watalii wenzangu wanne, tumekubaliana kila mmoja atoe pato la siku mbili msimu huu kwa ajili ya mfereji wa mwanzo, popote wahusika watakapoona panafaa. Fedha tutazikabidhi kwa risiti. Tunaomba kupitia gazeti lako mwenye mamlaka ya jambo hili atujulishe tubishe hodi mlango upi.

Wako,
Mzazi na mtembeza watalii,
Kikwajuni, Unguja