Harambee ya Paa la Ukumbi: Tuzinusuru Kazi za Mikono ya Fundi

Kwa waumini wenzetu, majirani, wazee wa mtaa na nyote mliolelewa katika ukumbi huu, tunawasalimu katika jina la Bwana.

Tunawaandikia kwa unyenyekevu na, hatuna budi kukiri, kwa aibu. Siku tulipomsindikiza marehemu mzee wetu, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi, hadi kwao Voi, kamati hii ilisimama kando ya kaburi na kuahidi, mbele ya mjane na watoto wake, kwamba modeli zake, yaani mifano midogo aliyoiunda kwa katoni na bati, zitahifadhiwa ukumbini, kwenye meza zile zile alizozitumia kuzitengeneza. Familia ilitukabidhi modeli 41 bila kudai hata senti. Masika yaliyopita paa likatuaibisha. Usiku wa mvua kubwa, mlinzi wetu na vijana wawili wa kwaya walikesha wakisogeza meza na kutega mabeseni, na kulipokucha modeli ya injini ya gari moshi ambayo Fundi aliipenda kuliko kazi zake zote ilikutwa imekaa ndani ya maji. Katoni ikishalowa hufura, na hata ukiianika hairudii umbo lake: tangi la mbele limepinda, na ile rangi ya damu ya mzee, aliyoipaka tabaka baada ya tabaka, imebanduka kama magamba ya samaki.

Kwa vijana ambao hawakumfahamu, Fundi alikulia Voi, mji mdogo ulio kwenye reli ya kutoka Mombasa kuja Nairobi, na mafunzo yake ya kwanza ya uchoraji yalikuwa kuyatazama magari moshi yakisimama pale kituoni, kisha kuyachora kwa mkaa kwenye ukuta wa jiko la mama yake. Alipohamia Nairobi alipanga chumba upande wa Landimawe, akajipatia riziki kwa kuandika mabango ya vibanda, vinyozi na bucha. Wengi wetu tulizisoma herufi zake kila siku bila kujua mkono ulioziandika. Jioni, na siku za mvua ambapo rangi ya bango haikauki, ndipo alipokaa hapa ukumbini na makopo yake.

Injini iliyoharibika ni mfano wa zile injini kubwa za mvuke ziitwazo Garratt, za daraja la 59, zilizoundwa Manchester, Uingereza, katika miaka ya 1955 na 1956. Zilikuwa 34, na zilipewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Mojawapo, namba 5918 iitwayo Mount Gelai, ingali katika Makumbusho ya Reli hapa Nairobi, na huko ndiko Fundi alikokwenda Jumamosi nyingi, futikamba mfukoni na daftari la hesabu mkononi. Reli yetu ya zamani ina upana wa mita 1 kati ya chuma na chuma. Yeye aligawanya kila kipimo kwa 50, kwa hiyo reli zake zina nafasi ya milimita 20 kamili, na injini nzima ina urefu wa takriban sentimita 63. Magurudumu aliyakata kwenye vifuniko vya makopo, na fito za kuyaendesha alizitoa kwenye spoki za baiskeli. Vichwa vya ribiti, ambavyo ni mamia, alivitokeza kimoja kimoja kwa kubonyeza bati kutoka upande wa nyuma kwa ncha ya kalamu iliyokwisha wino. Aliyewahi kumwona akiifanya kazi hiyo, miwani imeshuka puani na pumzi ameibana, hawezi kusema kwamba hivi ni vitu vya kuchezea watoto.

Hata hivyo, watoto ndio aliowafundisha. Kila likizo waliketi naye wakikata katoni za maziwa na kujifunza uwiano wa vipimo, bila malipo, na hesabu iliyowashinda darasani ilieleweka mezani pake. Mandhari ya Bethlehemu tunayoipanga mbele ya madhabahu kila Krismasi ni kazi yake pia, na hatukumlipa. Tulimwambia Mungu atamlipa, tukaridhika.

Paa halizibiki tena kwa lami, kwani fundi wa ujenzi aliyelikagua alionyesha kwamba mabati yameliwa na kutu kwenye matundu ya misumari na baadhi ya mbao zimeoza. Tunahitaji mabati 70 ya geji 28, mbao, misumari, mifereji ya kukinga maji na kabati moja la vioo, jumla shilingi 412,000 pamoja na ufundi. Mfukoni tuna 96,500, hivyo zimebaki 315,500. Kila mchango utaandikiwa risiti, na mweka hazina atasoma hesabu kanisani Jumapili ya kwanza ya kila mwezi na kuibandika mlangoni.

Tunajua hali ya maisha, na hatusahau mlivyojitoa wakati wa msiba wake, mlipokodisha basi mbili na kulipa deni lote la hospitali ndani ya siku tano. Mkono ule ule uliomsitiri ndio tunaouomba leo. Walio na kazi nzuri mjini, na ambao kalamu yao ya kwanza waliishikia mezani kwa Fundi, tunawaomba wasingoje kuitwa kwa majina.

Tutakutana ukumbini Jumapili ya mwisho ya mwezi huu, baada ya ibada ya pili. Asiye na fedha na alete mbao, misumari au siku moja ya kazi. Na yeyote aliye na picha ya zamani ya bango lolote lililoandikwa na Fundi, aje nayo, maana mjane wake atakuwepo na ameomba kuziona.