Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wetu wa halmashauri: tuma mtu apande huku juu na tepu

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Salaam nyingi. Kwa umri wewe ndo ungenipa shikamoo ila cheo ni cheo, kwa hiyo nakusalimu kwa heshima zote na naomba usome mpaka mwisho, maana zile barua zangu za masjala sijui huwa zinaishia wapi, nakala zake ninazo zina mhuri wenu wa IMEPOKELEWA na mpaka leo sijajibiwa hata mstari mmoja. Ndo maana hii naiandika hadharani, tusomewe wote.

Mimi ni mwalimu mstaafu, nimefundisha hisabati darasa la saba huku huku milima ya Usambara mpaka chaki ikaniharibu mapafu. Nilistaafu 2023, enzi ya kikokotoo cha asilimia 33, yaani mkupuo wa mafao unaopewa mkononi ni asilimia 33 tu, wastaafu wenzangu wanajua naongelea nini. Hela ya mkupuo huo yote imeingia kwenye nyumba moja, vyumba vitatu, sebule na kibaraza, na nyumba imeisha mheshimiwa. Imeisha kabisa. Imebaki saini yako ya ukaguzi wa mwisho tu nihamie.

Badala ya saini nimepata X.

Jumamosi iliyopita nilikuwa msibani kwa jirani, narudi jioni nakuta ukuta wa mbele pembeni ya mlango umepigwa X nyekundu, chini yake BOMOA na tarehe. Ukuta ule ndo kwanza tulikuwa tumemaliza kuupaka wiki hiyo hiyo, koti mbili, rangi ya maziwa, na kwa ukungu wa huku koti moja unapaka asubuhi jioni ukigusa bado linashika kidole. Huyo kijana wako wala hakuwa na brashi ya maana, rangi imechuruzika mpaka kwenye marumaru ya kibarazani, fundi kajaribu kufuta na thina ndo imezidi kutapakaa. Watoto wa jirani wanasema alikuja na bodaboda na boda hakuzima hata injini. Hakuna barua, hakuna notisi, hakuna hata kikaratasi kilichosukumwa chini ya mlango. Mtu anaambiwa abomoe nyumba ya maisha yake kwa herufi moja!

Jumatatu asubuhi nikashuka ofisini kwenu. Nikakaa kwenye benchi mpaka saa nane ndo akatoka mmoja akaniambia, tena amesimama na chai mkononi, "mama upo ndani ya mita 60 za mto". Nikamuuliza nani kapima? Akasema inaonekana kwa macho.

Sasa tuanzie hapo kwenye macho.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, kile kinachokataza shughuli za kudumu kama ujenzi ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, naijua, na naiunga mkono kwa mikono miwili. Watu wakijenga na kulima mpaka kwenye kingo za mto, mto unakufa, na sisi wa milimani tukiua maji walio bondeni watakunywa nini. Sina ugomvi na sheria. Ila mita 60 ni namba, na namba mheshimiwa haionekani kwa macho, inapimwa. Mtoto wa darasa la nne anajua hilo.

Mimi nimepima. Jumanne nilimchukua fundi wangu na tepu yake, tukaanzia kona ya nyumba inayoelekea mtoni tukashuka mpaka ukingoni, tukifuata ardhi. Tukapata mita 81. Najua mtaalamu wako atasema mlimani hupimi kwa kulalia mteremko, unapima kwa usawa, na atakuwa sahihi kabisa. Kwa hiyo fundi akachukua ule mpira mweupe wa maji wanaotafutia levo, tukashuka nao kituo kwa kituo, mmoja anashika juu mwingine chini, tunasoma maji yalipotulia, tunajumlisha. Kimo kutoka nyumba mpaka mtoni ni mita 33. Haya, kanuni ya Pithagorasi, ile ile niliyowachapia watoto wa watu: 81 mara 81 toa 33 mara 33, tafuta kipeuo cha pili. Inakuja mita 74 kasoro kidogo sana. Sio 60. Ni 74. Hata kama mpira wa fundi umedanganya kidogo hauwezi kudanganya mita 14.

Na kingine ambacho kinaniumiza kuliko hata hiyo X, ule mto mmeuona nyie wenyewe. Kibali changu cha ujenzi ni cha 2021, nikiwa bado kazini, msingi niliupiga kwa mkopo wa mshahara. Kiwanja kimepimwa, kipo ndani ya mpango wa mji mdogo, na kwenye ramani mto umechorwa kwa rangi ya bluu kabisa, umbali umeandikwa, mihuri ya ardhi, afya na ujenzi ipo. Mkaja mkakagua msingi mkasaini. Mkaja kwenye mkanda wa zege wa ukutani, kwa kuchelewa lakini mkaja, mkasaini. Paa mkasaini. Sasa huo mto umehama lini mheshimiwa? Au umesogea ulipoona nimeshapaka rangi?

Watu wa mjini hawajui kujenga mlimani ni nini. Fuso inaishia barabara kubwa, kenta ikijitahidi inafika kwenye daraja la mbao, kutoka pale simenti inapanda kichwani, mchanga kichwani, kokoto kichwani, bati mbili mbili zimefungwa kamba na upepo unataka kumrusha mbebaji bondeni. Bei ya mfuko wa simenti dukani unaijua, sasa ongeza na ya kichwa. Msingi wenyewe sio mstari ulionyooka kama wa Korogwe tambarare, ni msingi wa ngazi, unashuka na mlima, mawe niliyagonga mwenyewe jioni nikitoka shule nikiwa na wanangu. Nyuma ya nyumba kuna ukuta wa mawe wa kuzuia udongo, na mgongoni mwake tumejaza kokoto, halafu tumepitisha mabomba ya inchi mbili kila baada ya hatua chache ili maji yatoke, kwa sababu ukuta wa mlimani hauangushwi na udongo, unaangushwa na maji yaliyokosa njia. Masika iliyopita nilikaa pale na mwavuli kuangalia, mabomba yote yalikuwa yanatema maji na ukuta haukutoa hata ufa wa kuingiza wembe. Hivi hayo ndo ya kukagua au sio? Nani kati ya vijana wako ameenda nyuma ya nyumba kuuangalia huo ukuta? Hakuna.

Na mimi ndo ninayetaka kukaguliwa, naomba hilo lieleweke! Tope liliposhuka kutoka Mlima Hanang mpaka Katesh Desemba 2023 huku milimani hatukulala, kila mtu alitoka nje kuangalia mlima ulioko juu ya nyumba yake. Ghorofa lilipoanguka Kariakoo Novemba 2024 nchi nzima ilisema ukaguzi, ukaguzi, ukaguzi. Nikasema sawa, mimi nakagulisha kila hatua sitaki njia ya mkato. Wenzangu waliojenga kimya kimya bila kibali wala mkaguzi leo wanalala kwao, wana umeme, wanapika maandazi, mimi niliyefuata utaratibu ndo nimepigwa X. Hapo mheshimiwa unawafundisha nini wananchi wako?

Ukaguzi huu wa mwisho nimeuomba tangu mwaka jana na nimepigwa danadana mpaka basi. Ujenzi wanasema nenda afya wakakague kwanza karo na chemba za maji machafu. Afya wanasema hatuwezi kusaini kabla ya ujenzi. Ukirudi ujenzi faili halionekani, likionekana mfumo upo chini, mfumo ukiwa juu mwenye kusaini yupo semina Dodoma. Na kuna mmoja, simtaji, aliniambia gari la ofisi halina mafuta. Nikamjibu hamna shida nitamlipia boda kwenda na kurudi. Akacheka akasema "mwalimu wewe hujaelewa". Nilielewa vizuri sana, nilijifanya sijaelewa.

Kwa hiyo X imetoka wapi siwezi kujua, mimi sio mganga. Inawezekana ni hayo mafuta. Inawezekana faili langu limechanganywa na la mtu mwingine. Inawezekana kuna mtu amekipenda kiwanja, maana pana mandhari nzuri na sa hivi wageni wanapenda kulala milimani. Chini yangu, karibu zaidi na mto, tena karibu sana, kuna jengo la kulaza wageni na magari yanaoshwa pale pale ukingoni povu linaingia kwenye maji, halina X. Siombi lipigwe X, jirani yangu tunasalimiana. Naomba tu ile tepu ikija kwangu ipite na pale.

Nikukumbushe kitu kimoja kwa heshima. Mkutano wa hadhara pale uwanja wa shule, ulisimama mbele ya Mkuu wa Wilaya ukasema kero za vibali na ukaguzi zitaisha ndani ya wiki mbili na hakuna mwananchi atakayezungushwa tena. Nilikuwepo, kiti cha plastiki, mstari wa pili, nikapiga makofi mpaka viganja vikauma. Ukatoa na namba yako ukasema simu yangu haizimwi. Ni kweli haizimwi, nashuhudia, inaita tu mpaka inakata yenyewe. Meseji nimekutumia, zina tiki mbili za bluu.

Wakati huo mimi nalipa kodi ya chumba kule sokoni na huku usiku nalala stoo ya nyumba yangu mwenyewe kulinda madirisha ya aluminiamu yasing'olewe. Ndiyo, nalala kwenye mifuko ya simenti tupu na mablanketi mawili, kwenye baridi hii, na presha yangu hii, na dawa za presha nazo zinataka hela. Mjukuu wangu ninayeishi naye yupo darasa la saba mwaka huu anasomea taa ya sola inayokata saa mbili usiku. Umeme nguzo ipo hapo kwenye kona, waya zilishakaguliwa na kupitishwa, vijana waliokuja kufunga mita waliona ile X wakatazamana wakaniambia pole mama tukifunga hapa tutaulizwa. Siwalaumu. Ningekuwa mimi pia ningeondoka.

Masika inakuja. Mfereji wa juu wa kukatisha maji ya mlimani bado unataka kuwekewa simenti na mafundi wameniambia hawashiki kazi kwenye nyumba yenye X, wanaogopa kukamatwa. Mfereji ule usipomalizika kabla ya mvua, maji yatakuja moja kwa moja kwenye ule ukuta wa mawe, na likitokea la kutokea mtakuja na magari yote ambayo leo hayana mafuta, mtakuja na kamera, mtasema wananchi waache kujenga kwenye miteremko hatarishi. Ile siku mafuta yatapatikana, najua.

Nilikuwa nimepanga kuomba mengi. Nilitaka kuomba niandikiwe barua ya kuombwa radhi, nilipwe rangi na marumaru, aliyepiga X aeleze katumwa na nani, afya na ujenzi wakae meza moja wasituzungushe. Hayo nimeyaacha, fanya ukipenda. Naomba kimoja tu. Tuma mtu apime.

Sio mtu wa kuangalia kwa macho, mtu wa kupima. Aje na tepu yake kama haiamini ya fundi wangu, aje na ile mashine ya miguu mitatu ya wapima ardhi kama mnayo, aje na GPS, aje na afisa mazingira na mwenyekiti wa kitongoji awe shahidi. Aje mchana, ukungu huwa unaondoka kwenye saa nne. Hela ya boda nitatoa na risiti nitadai. Akipata mita 60 kushuka chini sihitaji tingatinga lenu, halitaweza kupanda huku hata hivyo, nitabomoa mwenyewe na wanangu kama tulivyojenga. Akipata zaidi ya 60 asaini fomu yangu pale pale kibarazani. Kalamu ninayo.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwalimu mstaafu, mwenye nyumba ya X, huku juu

Nakala: ubao wa matangazo, ofisi ya kata