Barua kwa mwanangu: nakuja Dar, na waya wangu

Mwanangu mpendwa,

Natumaini wewe, mkwe wangu na wajukuu hamjambo. Mimi mzima, namshukuru Mungu. Mvua zimeanza kushuka Uluguru na mahindi ya nyuma ya nyumba yamesimama vizuri.

Nimelipima ombi lako la kuhamia kwenu, nami nimekubali. Tangu mama yako atutoke nyumba hii imenizidi, na sitaki uwe unapiga simu kila asubuhi kuhakikisha nimeamka. Lakini uliponiomba niuze vitu vya chumba cha nyuma, redio na waya wake wa antena na santuri, nilinyamaza. Sikukasirika, mama. Niliona jibu lake haliwezi kutosha kwenye simu. Vitu vile siviuzi. Umekua ukiviona kila siku na sijawahi kukaa nawe nikakueleza vilianzaje, basi leo nakueleza.

Unajua nilikuwa askari wa mawasiliano vita vya Kagera. Kazi yenyewe sijakusimulia. Kutoka Mutukula hadi Masaka, kisha Lukaya, huko Uganda, nilibeba redio mgongoni na bunduki begani, na redio ndiyo iliyonitoa jasho. Ukivaa hedifoni usiku porini husikii sauti moja. Radi ya mbali inapasuka, stesheni ya matangazo ya nchi nyingine imejipenyeza, wenzako wawili wanaongea kwa mpigo, na huko chini kabisa, hafifu, yuko yule unayemtafuta, anataja namba. Ukizikosea namba zile mizinga inaanguka pasipostahili. Basi unafumba macho, unaziacha sauti nyingine zipite, unamshika yule mmoja, unaandika. Usiku wa Machi 10, 1979, pale kwenye kinamasi cha Lukaya, wenzetu waliposukumwa nyuma, niliandika hivyo mpaka kukakucha. Niliyoyaona kulipokucha nayaacha hukohuko.

Januari ya mwaka uleule, kabla hatujavuka mpaka, tulipata habari kwamba mpiga gitaa wetu Mbaraka Mwinshehe amefariki kwa ajali ya gari huko Kenya. Sisi vijana wa Morogoro tuliokua tukimsikia na Morogoro Jazz, kisha Super Volcano, hatukusema kitu. Mmoja wetu alianza kulipiga gitaa lake kwa mdomo, polepole, na hakuna aliyemwambia anyamaze.

Nilirudi mzima wa mwili. Masikio ndiyo yaliyokataa kurudi. Nyumba ikitulia usiku nilikuwa nasikiliza tu, nangoja namba zisizokuja. Mama yako hakunihoji. Alichukua ile redio ya mbao ya babu yako, yenye masafa mafupi, akaiweka karibu na kitanda, akaniambia kama lazima usikilize, sikiliza kitu. Namshukuru mpaka leo.

Ndipo nikaangukia Sauti ya Amerika. Kulikuwa na mtangazaji anaitwa Willis Conover, aliyeanza kipindi chake cha jazz mwaka 1955, akiongea Kiingereza cha taratibu, neno kwa neno, ili sisi wa mbali tumwelewe. Usiku mmoja akapiga santuri ya mwaka 1923 ya King Oliver, mpiga korneti, ile tarumbeta fupi, wa New Orleans, Marekani. Ilirekodiwa Richmond, Indiana, bila maikrofoni: wanamuziki walipiga mbele ya pembe kubwa, na mtikisiko wa pumzi zao ukaenda moja kwa moja kwenye sindano inayochora nta. Inasimuliwa kwamba kijana wao wa korneti ya pili, Louis Armstrong, ilibidi asimame mbali na pembe kwa sababu sauti yake iliwafunika wenzake.

Ilinifikia na mikwaruzo, ikipanda na kuzama na mawimbi. Lakini nilichosikia ndani yake nilikijua. Korneti inashika wimbo, klarineti inazunguka juu yake, tromboni inateleza chini, wote kwa wakati mmoja, hakuna anayesubiri zamu, na bado kila mmoja anampisha mwenzake. Watu wanaongea kwa mpigo, na safari hii hakuna anayekufa. Nilifumba macho nikaishika klarineti peke yake mpaka mwisho wa wimbo. Usiku ule nililala.

Hiyo ndiyo jazz ya zamani ya New Orleans, mwanangu, na usiione ngeni. Babu yako alicheza beni, katika kundi la Marini. Beni ilianzia pwani ya Kenya mwishoni mwa karne ya 19, watu wakichukua gwaride na matarumbeta ya kijeshi wakayageuza ngoma yao, na ikaenea hadi bara huku kwetu. New Orleans nako watu weusi walizichukua ala za gwaride wakazipigia mazishi na sherehe zao. Njiani kwenda makaburini wanapiga taratibu, wakirudi wanachangamka na mtaa mzima unafuata nyuma wakicheza. Bendi zetu za dansi nazo zikajiita jazz, hata sisi jeshini tulikuwa na Mwenge Jazz, na polisi wana Polisi Jazz. Dansi yetu naipenda na nitaipenda. Nilitaka tu kujua jina lile limetoka wapi, na nilipolifuata sikurudi tena.

Ukipata nafasi sikiliza rekodi ya Armstrong inayoitwa West End Blues, ya Chicago, Juni 28, 1928. Siku hizi hata kwenye simu ipo. Inaanza na tarumbeta peke yake, sekunde kumi na kadhaa, bila bendi. Iweke ukiwa peke yako, watoto wamelala, na usifanye kazi nyingine.

Redio ya ridhaa ilikuja baadaye, nilipopata leseni na kupewa herufi zangu za kujitambulisha hewani, zinazoanza na 5H kama za Watanzania wote wa redio. Jirani yako wa Kenya anaanza na 5Z, wa Uganda 5X, wa Kongo 9Q. Watu wa ridhaa hatutangazi, hatufanyi biashara, hatulipwi. Tunaitana, basi. Na sheria yetu moja ilikuwa ngumu kwangu kuliko zote: muziki hauruhusiwi kupigwa kwenye masafa yetu. Vitu viwili ninavyovipenda havikuweza kukutana hewani.

Alfajiri moja, kwenye mita 40, yaani masafa ya mawimbi yenye urefu huo, nilimpata mzee mmoja wa Louisiana, jimbo lenye New Orleans. Huku kwetu ni saa kumi na mbili asubuhi, kwao bado ni usiku wa jana, na masafa yale husafiri mbali gizani, kwa sababu ile tabaka ya chini ya anga inayoyameza mchana inapotea jua likizama. Alikuwa askari wa mawasiliano Vietnam. Hatukuzungumza vita. Nilimtajia King Oliver kwa nukta na vistari vya Morse, ile alfabeti ya milio mifupi na mirefu, akanyamaza kidogo, kisha akaanza kubonyeza haraka mpaka nikamwomba apunguze mwendo. Tangu siku ile kila tulipokutana alinieleza muziki kwa Morse: klarineti imeingia wapi, ngoma imekaa vipi nyuma ya banjo, wazee wa Preservation Hall, ukumbi wa jazz wa New Orleans, walipiga nini Jumamosi. Wimbo mzima ukija kwa maneno unalazimika kuusikia mwenyewe kichwani. Halafu posta ikafanya kile ambacho redio ilikatazwa. Nilimpelekea kanda za Morogoro Jazz na Tabora Jazz, naye akaniletea santuri. Zaidi ya nusu ya zile unazotaka niuze zimetoka mikononi mwake, na kwenye kila ganda ameandika kwa kalamu ya risasi nani anapiga nini.

Utakumbuka wiki ile ya mwisho wa Agosti 2005 nilipokuwa silali chumbani, wewe ukiwa sekondari. Kimbunga Katrina kilipiga tarehe 29, kingo za kuzuia maji zikabomoka, New Orleans ikajaa maji. Simu zilikufa. Watu wa ridhaa wakawa wanapokezana ujumbe kwenye mita 20: majina, mitaa, watu wangapi wako juu ya paa, nani anahitaji dawa. Jioni za huku niliwasikia, wengine kama mnong'ono. Sikubonyeza kitufe hata mara moja. Mtu wa mbali akiongea wakati kama ule anamzibia mdomo aliye juu ya paa. Nilivaa hedifoni nikatafuta herufi zake kati ya zote zile, na hazikuwemo.

Alirudi baada ya wiki kadhaa, hafifu sana, akitumia waya aliofunga kwenye uzio wa rafiki yake mjini Baton Rouge. Nyumba ilikuwa imekwenda na maji. Santuri zake zote pia. Nilimwambia nitamrudishia zile alizonipa, kila moja. Akajibu zikae huko mlimani, maji hayafiki. Nikamnakilia kwenye kanda nikampelekea, na hizo ndizo alizosikiliza mpaka alipofariki. Santuri zenyewe, zenye maandishi ya mkono wake, ziko chumba cha nyuma. Nimezibeba kwa niaba ya mtu, mwanangu. Haziwezi kwenda kwa mnunuzi anayezipima kwa kilo.

Sasa naomba mambo machache kabla sijaja. Santuri zitahitaji kabati lisilopigwa na jua, na zisimame wima, zikilaliana zinapinda. Redio inataka meza ndogo karibu na dirisha, betri ya gari nitakuja nayo. Chaja za bei rahisi na baadhi ya taa za LED huleta mvumo mkubwa kwenye masafa mafupi, kwa hiyo nikiomba mzime taa ya barazani alfajiri mnivumilie. Waya wa antena una urefu wa mita 20 na unaungwa na redio katikati yake, mita 10 kila upande, juu kadiri inavyowezekana na mbali kabisa na nyaya za umeme. Mwambie mjukuu wangu mkubwa apime kutoka kwenye ule mwembe wenu hadi kona ya banda, anitumie namba kwa meseji. Nafasi ikipungua asihangaike, ncha tutazikunja kuelekea chini na utafanya kazi vilevile. Na kama yeye mwenyewe anataka kujifunza Morse, aanze na herufi za jina lake, nitamsikiliza nikifika.

Ndimi baba yako.