Muulizeni nesi aliingia kazini lini

Ndugu Mhariri,

Hivi karibuni gazeti lako lilichapisha barua ya msomaji aliyempeleka mke wake kujifungua, akalalamika kwamba nesi aliyewapokea usiku aliwafokea kana kwamba wamekuja kuiba. Sina sababu ya kumbishia. Nimekuwa muuguzi na mkunga kwa miaka 31 huku kwetu Kusini, Mtwara na Lindi, na wauguzi wanaofoka nawajua. Mimi mwenyewe nilishamfokea mzazi, na naomba nafasi nieleze siku hiyo ilivyokuwa.

Nilikuwa kwenye zahanati moja ya kijiji, juu uwandani kwa Wamakonde. Tulikuwa watumishi wawili, na mwenzangu alikuwa ameitwa wilayani. Nyumba ya mtumishi ilikuwa hatua kama thelathini kutoka chumba cha kujifungulia. Wengi huona hiyo ni raha, kazi iko mlangoni. Kumbe anayelala mlangoni pa kazi hatoki kazini. Umebandika ugali, hodi. Umeingia kuoga, hodi. Umelala, mtu anagonga dirisha: "Nesi, nesi, mtoto ana degedege!" Unaamka, maana degedege halisubiri kuche. Wakati wa kifuku, malaria ikipamba moto, nilikuwa nalala nimevaa kabisa nguo za kutokea.

Usiku huo mama wa kwanza alijifungua saa sita. Wa pili alijifungua saa tisa. Mtoto alilia vizuri, kondo likatoka, lakini damu ikakataa kukata. Nilimchoma sindano ya kukaza mji wa mimba, nikamtundikia dripu, nikamkanda tumbo mpaka mikono ikafa ganzi, mama mkwe wake akinimulikia tochi. Gari la wagonjwa liliitwa mapema, likafika kumeshapambazuka. Nilimsindikiza hadi kwenye gari nikabaki, kwa kuwa ningepanda zahanati ingebaki na mlinzi peke yake. Uwandani maji tunayanunua kwa ndoo, na ndoo zangu zote mbili zilikuwa zimekwisha leba. Nilijifuta damu kwa kitambaa, nikabadili gauni, nikafungua kliniki ya watoto saa mbili.

Saa tatu simu ikaita. Yule mama alikuwa amefia njiani.

Nikaendelea kupima watoto uzito. Ningefanya nini, akina mama walikuwa wamejaa barazani mpaka chini ya mkorosho. Kama saa tano hivi akaja binti mmoja na mtoto wa chanjo, amechelewa, na kadi ya kliniki ameisahau nyumbani. Niliyomwambia mbele za watu siwezi kuyaandika gazetini. Hakunijibu, alimfunika mtoto kanga akaondoka. Tangu siku hiyo mtoto yule aliletwa kliniki na bibi yake. Mama yake hakukanyaga tena mpaka nahama kijiji kile.

Kosa lilikuwa langu, na binti yule hakustahili hata neno moja kati ya yale. Lakini baada ya wiki mbili kilikaa kikao cha kujadili kile kifo. Vikao hivyo naviunga mkono hadi leo, maana mama akifa lazima watu waulize. Niliulizwa sindano ilichomwa saa ngapi, patografu, yaani chati ya kufuatilia uchungu, ilijazwaje, rufaa ilianza lini. Maswali yote yalikuwa ya haki. Hakuna aliyeuliza nilikuwa kazini tangu lini. Ningewajibu kwamba niliingia Jumatatu, na mama yule alifariki Alhamisi.

Miaka mingi nilidhani nina roho mbaya. Nilipostaafu ndipo nikasoma kwamba mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza jambo hili, kwa Kiingereza "burnout", katika orodha yake ya kimataifa ya magonjwa, iliyoanza kutumika Januari 2022. Halikuliita ugonjwa. Lililiita hali inayotokana na kazi, pale msongo wa muda mrefu kazini usiposhughulikiwa. Dalili ni tatu: nguvu kuisha kabisa, moyo kujitenga na kazi au kuichukia, na kuona kwamba unachofanya hakifai kitu. Ile ya pili ilinifanya niweke karatasi chini. Sisi wodini tunaiita kufa ganzi. Mgonjwa analia, unamsikia kama redio ya jirani. Nesi aliyefikia hapo ndiye anayefoka, au anayekutazama usoni asikujibu, na mimi naona huyu wa pili ndiye wa kuogopwa zaidi.

Kila tarehe 12 Mei, Siku ya Wauguzi Duniani, tunawasha mishumaa, tunarudia kiapo chetu, na mgeni rasmi anatuambia uuguzi ni wito. Nililipenda neno hilo nilipokuwa mwanafunzi, na bado naamini asiye na wito asiingie. Ila nimeona linavyotumika. Ukidai posho ya zamu za usiku ya miezi iliyopita, unakumbushwa wito. Ukiomba likizo msimu wa korosho, bodaboda zinaanguka kila siku na wodi imejaa, unakumbushwa wito. Wauguzi vijana niliofanya nao kazi wananipigia simu usiku, mmoja yuko Liwale, mwingine Tandahimba, wanalia, na wakimaliza kulia wananiomba nisimwambie mtu, wasije wakaonekana hawana wito.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema mtu afanye kazi za kawaida saa zisizozidi 45 kwa wiki, na kati ya siku moja ya kazi na nyingine apate angalau saa 12 mfululizo za kupumzika. Najua inaruhusu dharura, na katika uzazi dharura zipo. Lakini dharura inayokuja kila usiku, mwaka mzima, hiyo ni upungufu wa watumishi, na tuutaje kwa jina lake.

Wauguzi wapya wataletwa bajeti ikiruhusu, nalielewa hilo. Kuna mambo mawili ambayo halmashauri zetu hazihitaji kusubiri bajeti kuyafanya. La kwanza, aliyekesha na mzazi asifungue kliniki asubuhi. Zahanati zilizo jirani zipangiane zamu za kushikiana, na mwenyekiti wa kijiji atangaze kwamba leo kliniki inaanza saa sita. Wananchi wakielezwa sababu huwa wanaelewa, nimeliona. La pili, kwenye fomu ya kikao cha kifo kiongezwe kipengele cha saa ambazo mhudumu alikuwa macho, na mtu mmoja mwenye busara apewe kazi ya kukaa na mhudumu huyo wiki hiyo hiyo, bila kalamu mkononi.

Msomaji wako ana haki ya kujibiwa, na mke wake ana haki ya kuombwa radhi. Namsihi asiishie gazetini. Aende kwa mganga mfawidhi, malalamiko yake yaandikwe, na kabla hajaondoka aombe aoneshwe ratiba ya zamu ya wiki ile, aone nesi yule alikuwa ameingia kazini lini.

Muuguzi mstaafu,
Newala, Mtwara