Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania: tunaomba utabiri wa upepo wa miteremkoni

Ndugu Mkurugenzi Mkuu,

Salaam kutoka Moshi. Kazi yangu ni kupiga picha za mashamba kwa droni: mpunga kule Chekereni tambarare, kahawa na migomba huku Kibosho. Nina ombi moja. Tupatieni utabiri wa upepo wa saa kwa saa kwa miteremko ya Kilimanjaro, unaotaja kasi ya kawaida na ile ya upepo wa ghafla.

Agosti iliyopita nilirusha droni Kibosho, saa tisa alasiri. Asubuhi nilisoma ripoti ya uwanja wa ndege wa Kilimanjaro (KIA): upepo mdogo. Pale kihambani, yaani kwenye shamba la nyumbani, majani ya mgomba yalikuwa yametulia tuli. Droni ilipofika mita 90 juu nikaiamuru irudi. Haikusogea. Ilikuwa imeinamisha pua, inapigana na upepo ambao mimi chini siusikii, na kwenye skrini betri inasoma asilimia 41, halafu 33, halafu 26, umbali ni uleule. Nikaishusha hadi juu kidogo ya miti ya kivuli, upepo ulikopungua, ndipo ikaanza kujongea. Ilitua na asilimia 7, hatua chache kutoka kwa mama aliyekuwa akikata majani ya ng'ombe. Aliniuliza tu, "Baba, hiki kingeniangukia?" Sikuwa na jibu.

Kosa lilikuwa langu. Niliupima mlima kwa kipimo cha uwandani, tena cha asubuhi. Kipima upepo cha uwanja wa ndege husimikwa mita 10 hivi kutoka ardhini, nasi tunaruka mara kumi ya hapo. Isitoshe, mlima una upepo wake: jua likiupasha mteremko, hewa hupanda kutoka bondeni na kuzidi nguvu alasiri, usiku mteremko ukipoa, hushuka. Wazee wa Kibosho wanalijua hilo, ila hawawezi kuniambia ni kilomita ngapi kwa saa.

Na namba ndiyo inayoamua. Tahadhari za upepo mkali tunazozisikia mara nyingi hutaja kilomita 40 kwa saa, na kwa mvuvi wa pwani zinaokoa maisha. Lakini droni ndogo nyingi ukomo wake ni mita 10 hivi kwa sekunde, yaani kilomita 36 kwa saa. Upepo ukifikia kiwango hicho cha tahadhari, sisi tumeshachelewa. Tunahitaji kujua tangu jana yake kwamba kesho saa nane mchana utafika kilomita 25 kwa saa, ili tumalize kazi kabla ya saa nne asubuhi.

Hatuji mikono mitupu. Droni nyingi huhifadhi makadirio ya upepo ya kila safari, kwa kila kimo. Kumbukumbu zangu za Kibosho na Chekereni nimezitunza zote, na wenzangu wanazo zao. Mkituambia mnazitaka kwa mpangilio gani, nitazileta mwenyewe ofisini kwenu.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mrusha droni, Moshi