Kwa Nini Tunatoza Ada Kuchukua Godoro Kuukuu, na Linakokwenda Baada ya Hapo

Swali tunaloulizwa mara nyingi kuliko mengine yote katika karakana yetu hapa Dar es Salaam ni hili: kama sponji, chuma na mbao zinazotoka kwenye godoro kuukuu zinauzwa, kwa nini mteja anayelitoa atozwe ada ya kulichukua? Swali hilo ni la haki, na anayeuliza anastahili kujibiwa kwa ukamilifu.

Tuchukue godoro la kawaida la sponji, tano kwa sita, inchi nane. Ujazo wake unazidi nusu ya mita moja ya ujazo, lakini kama limetengenezwa kwa sponji nyepesi yenye uzito wa kilo 20 kwa mita ya ujazo, godoro zima lina kilo 11 hivi, na nafasi iliyobaki yote ni hewa. Kirikuu kikipakiwa magodoro saba au manane kimeshajaa hadi juu, na mzigo wote haufiki kilo 100. Safari hiyohiyo, kwa mafuta yaleyale na dereva yuleyule, ingetosha kubeba mifuko kumi ya saruji. Sehemu kubwa ya ada anayolipa mteja inaishia hapo, barabarani, kabla hatujagusa kisu.

Kisha kuna sponji yenyewe. Sponji ya magodoro ni poliurithani, ambayo haifanani na plastiki ya ndoo au ya chupa. Ndoo huyeyushwa ikamiminwa upya, lakini poliurithani ikishaganda haiyeyuki tena, bali huungua. Kwa hiyo njia iliyopo kwetu ni kuikata. Vipande ambavyo bado vinarudi juu vinapobonyezwa, kwa kawaida vile vya pembeni na vya miguuni ambako mlalaji hakuelemea sana, tunawauzia mafundi wa makochi. Vilivyolika tunavisaga kuwa chenga na kuzifunga marobota, na wanaozinunua huzichanganya na gundi maalumu, wakazigandamiza kwa mvuke ndani ya kalibu hadi zikawa bonge zito lenye madoa ya rangi nyingi. Bonge hilo hukatwa shiti za kuwekwa chini ya mazulia, mikeka ya mazoezi na matandiko ya viti vigumu.

Magodoro ya springi, ambayo mengi tunayapata hotelini pamoja na vile vitako vya fremu ya mbao vinavyokaa chini yake, yana kazi nyingine kabisa. Godoro la springi la mtindo wa zamani huanza kwa kufumua utepe wa ukingo kwa kisu kifupi. Kitambaa cha juu kikitoka, hufuata tabaka jembamba la sponji, kisha pedi nzito ya kijivu iliyotengenezwa kwa mabaki ya nguo, au wakati mwingine ya nyuzi za makumbi ya nazi, na chini yake ndipo springi zinapoonekana, safu kwa safu, zenye kiuno chembamba katikati, zimeshikamanishwa kwa waya uliosokotwa. Fundi mwenye koleo zuri anaweza kuutenga mtandao wote ukiwa mzima, akaukunja na kuupeleka kwenye mizani ya vyuma chakavu siku hiyohiyo.

Yale yenye springi zilizovalishwa mifuko, kila moja na mfuko wake wa kitambaa chembamba cha plastiki, ni shughuli tofauti. Humo mna mamia ya mifuko iliyobanwa kwa joto na kuunganishwa kwa gundi, na mnunuzi wa chuma hukataa mzigo wenye kitambaa au huukata bei vibaya. Mifuko hiyo tunaichana kwa mkono, mmoja baada ya mwingine. Godoro hilo ndilo linalompa mlalaji raha kuliko yote, na ndilo linalotugharimu kuliko yote. Mteja anayeona ada yake imepanda ajue sababu ni hiyo.

Wapo wanaokwepa kazi hiyo kwa kulitia godoro moto uwanjani ili wapate chuma. Poliurithani ikiungua hutoa kaboni monoksidi na sianidi, na moshi huo huvutwa na jirani na mtoto wake. Sisi hatuchomi, wala hatununui springi zilizochomwa.

Nchini Marekani, majimbo ya Connecticut, California na Rhode Island yalitunga sheria mwaka 2013 zinazomtaka mnunuzi wa godoro jipya kulipa ada ndogo dukani, na fedha hizo hugharimia uchakataji wa magodoro ya zamani. Huko gharama hulipwa mwanzoni mwa maisha ya godoro. Hapa kwetu hulipwa mwishoni, na tunakiri kwamba ni vigumu zaidi kulipia kitu ambacho mtu ameshachoka nacho.

Kuna jambo moja ambalo hatutalegeza. Katika mwaka wetu wa kwanza tulimuuzia mtu magodoro kadhaa yakiwa mazima, naye akatuambia ni ya kulalia mbwa wa ulinzi. Wiki chache baadaye tukalikuta mojawapo sokoni limevalishwa kitambaa kipya cha maua na kufungwa nailoni, likiuzwa kama jipya. Tulilitambua kwa namba tuliyoiandika kwa kalamu nzito kwenye sponji, ilipofunguliwa zipu. Ndani yake mlikuwa na jasho la miaka ya mtu mwingine, na mama aliyekuwa akilipima bei hakuwa na njia ya kujua. Tuliona aibu, kwa kuwa lilitoka mikononi mwetu. Tangu siku hiyo hakuna godoro linalotoka kwetu likiwa zima.

Ukitaka tulichukue la kwako, tutumie picha na vipimo vyake, na utuambie ni la sponji au la springi ili tukutajie ada kabla hatujaja. Tafadhali lihifadhi mahali pakavu, hasa wakati wa masika, kwani sponji iliyonyonya maji ya mvua huota ukungu na haifai hata kwa chenga. Kama lina kunguni, tuambie bila kuona haya: tutalifunga kwa nailoni chumbani kabla ya kulitoa. Kulianika hakutoshi, maana sponji huzuia joto na jua haliwafikii waliojificha ndani. Magodoro ya wodini yenye damu hatuyapokei, kwani hayo yana utaratibu wake wa taka za hospitali.

Na ukipenda kuhakikisha, mwambie kijana wetu alichane hapohapo mlangoni mwako, ukiangalia. Kisu anacho.