Tunzo la mwimbaji na mshahara wa mwalimu wake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na wasomaji, hasa wa Unguja na Pemba na ndugu zetu walioko Oman, Uingereza na kwengineko, juu ya jambo lililonikaa moyoni kwa muda mrefu: namna skuli za sanaa zisizo za Serikali zinavyoishi kwa michango, na namna sisi wenyewe, tunaojinasibu kuwa watu wa taarab, tulivyowaachia watu wa mbali karibu mzigo wote wa kuchangia. Nimefundisha Historia katika skuli za sekondari kwa miaka 31. Sikuwahi kupiga ala yoyote, lakini najua kazi ya kufundisha inataka nini ili isimame.

Kila aliyehudhuria taarab ya harusi ameiona desturi yetu ya kutunza. Mwimbaji akifika kwenye ubeti uliomgusa mtu, mtu huyo huinuka kitini, akaenda kwa mwendo wa taratibu huku akiyumba na mdundo, na noti akaiweka mkononi mwa mwimbaji au akaibandika penye paji la uso wake. Nimewahi kumwona mama mmoja, ambaye najua maisha yake si ya ukwasi, akiinuka mara 4 katika wimbo mmoja. Sioni ubaya wa desturi hii, bali naiona kuwa ni ushahidi kwamba watu wetu wako tayari kuutolea muziki fedha zao bila kuombwa. Ninachosema ni kwamba nyuma ya mwimbaji huyo ameketi kijana mwenye fidla na mwengine mwenye ganuni, ala ya nyuzi nyingi inayolazwa na kupigwa kwa vidole, na nyuma ya vijana hao, asiyeonekana ukumbini, yuko mwalimu aliyewashika mkono kwa miaka, naye hakuna anayeinuka kwa ajili yake.

Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, ambacho wengi wanakijua kwa herufi DCMA, kilianza kufundisha hapa mjini mwaka 2002, na kwa miaka mingi sauti zake zilisikika kutoka jengo la Forodha ya zamani, Mizingani, mbele ya bahari. Ndicho chuo cha kwanza cha muziki Zanzibar. Hapo walisoma vijana ambao leo wanaubeba muziki wetu kwenye majukwaa ya dunia, akiwemo Siti Amina na wenzake wa kundi la Siti and the Band. Chuo hicho si cha Serikali. Kiliinuka na kuendelea kwa fedha za wafadhili wa nje na balozi za kigeni pamoja na ada ndogo za wanafunzi, na wafadhili walipopungua, mwaka 2019 habari zikaenea kwamba kingeweza kufunga milango. Iliripotiwa wakati ule kwamba karibu asilimia 70 ya wanafunzi wake 80 wa muda wote hawakuweza kulipa ada, nayo ada yenyewe ilikuwa kiasi cha dola 13 kwa mwezi, yaani karibu shilingi 30,000.

Naomba msomaji achukue kalamu tufanye hesabu pamoja. Asilimia 70 ya wanafunzi 80 ni wanafunzi 56. Ukizidisha kwa shilingi 30,000 unapata shilingi 1,680,000 kwa mwezi. Hiyo ndiyo ada iliyokosekana kwa watoto wasio na uwezo. Watu 168, kila mmoja akitoa shilingi 10,000 kila mwezi, wangeiziba. Mji huu hauwezi kukosa watu 168 wanaoupenda muziki wake, na kwa hakika wamo zaidi ya hao katika ukumbi mmoja wa harusi usiku wa Ijumaa.

Nakiri kwamba hesabu hiyo haimalizi jambo, kwa sababu katika skuli ya sanaa ada, hata ikilipwa yote, hailipi gharama yote. Mimi niliweza kusimama mbele ya wanafunzi 60 nikawafundisha Historia kwa chaki moja. Mwalimu wa ganuni hawezi. Ganuni ina nyuzi zaidi ya 70, zimefungwa tatu tatu kwa kila sauti, na mwanafunzi hupiga kwa risha mbili, vijiti vidogo vya kukwaruzia nyuzi, zilizoshikwa na pete kwenye vidole vyake vya shahada. Mwalimu lazima akae ubavuni pake, amwangalie pembe ya kidole, asikilize kama nyuzi tatu zimesema neno moja, amrudishe tena na tena. Saa moja ya mwalimu ni ya mtoto mmoja. Tena daraja la ganuni, yaani kipande cha mbao kinachobeba nyuzi, hukaa juu ya ngozi, na ngozi ikipata unyevu wa bahari yetu hulegea, nyuzi zikashuka, na somo likaanza kwa ufunguo mkononi na kukaza uzi mmoja baada ya mwengine. Muda huo nao ni wa kulipwa, maana mtoto asiyejua kuirekebisha ala yake hajajifunza kuipiga.

Mtaani kwetu yuko kijana wa miaka 16 anayejifunza ala hiyo. Ganuni anayoitumia ni ya kuazima. Miezi michache iliyopita nilimkuta barazani kwao akifanya mazoezi, nikagundua kwamba kila wimbo ukifika mahali fulani anaruka. Nilidhani amesahau. Aliponiona namsikiliza aliinua mkono akanionyesha: nyuzi tatu za sauti moja zilikuwa zimekatika, na kwa kuwa nyuzi hizo haziuzwi madukani hapa bali huagizwa nje, alikuwa amejizoeza kuiruka sauti ile kwa wiki 5 bila kumwambia mtu. Aliogopa mwenye ganuni angeichukua.

Nilikwenda kumwombea nyuzi kwenye ofisi moja, ambayo sitaitaja, inayojulikana kwa kusaidia shughuli za utamaduni. Nilipokewa vizuri na nikapewa chai. Lakini maswali niliyoulizwa yalikuwa: shughuli yenyewe itazinduliwa lini, mgeni rasmi ni nani, na nembo ya ofisi itakaa wapi? Nilijibu kwamba hakuna uzinduzi, ni nyuzi tu, na kwamba mwezi ujao pengine nitarudi kwa ajili ya nauli ya mwalimu. Nikaambiwa niandike andiko la mradi. Simlaumu aliyeniambia, kwani naye ana wakubwa wake wanaomtaka picha na ripoti, lakini nilitoka nikiwa nimeelewa kwa nini vyuo vyetu vinaweza kuwa na ala mpya kabatini na mwalimu ambaye hajalipwa.

Fedha ya mradi, Ndugu Mhariri, ina mwanzo na mwisho wake. Hununua vifaa, hulipia warsha ya wiki moja, hulipia tamasha, na yote hayo yana faida. Mtoto anayeanza fidla leo atahitaji miaka 6 au 7 kabla hajaweza kukaa katika kundi la taarab bila kuwapoteza wenzake, na mradi ni wa miaka 2 au 3. Basi mfadhili anapoondoka, mtoto yuko katikati ya njia. Ndiyo maana nasema mchango unaoishikilia skuli ya sanaa ni ule mdogo, wa kila mwezi, usio na sharti la kununulia kitu cha kupigwa picha. Unaoweza kulipa umeme, fundi wa ala, na juu ya yote mshahara.

Skuli za sanaa za nchi tajiri zililijua hili mapema. Interlochen, iliyoko jimbo la Michigan huko Marekani, ilianza mwaka 1928 kama kambi ya muziki ya majira ya joto, na mwaka 1962 ikafungua sekondari ya bweni ya sanaa isiyo ya Serikali. Ada yake ni kubwa, na hata hivyo haitegemei ada peke yake: wahitimu, wazazi na wapenzi wa sanaa huchanga kila mwaka, na sehemu ya michango huwekwa katika mfuko wa kudumu ambao mtaji wake hauguswi, bali kinachotumika ni pato lake. Kwa desturi ya taasisi za kule, mifuko ya namna hii hutumia takriban asilimia 4 au 5 kwa mwaka. Mtoto wa maskini mwenye kipaji husoma kwa fedha ya mtu ambaye pengine alikwisha kufa.

Msomaji wa Zanzibar hahitaji kuelezwa jambo hili kwa mfano wa Marekani. Sisi tunaliita wakfu, na tunalo tangu zamani. Mji Mkongwe umejaa nyumba ambazo wenyewe waliziweka wakfu, kodi yake iende msikitini, kwa mafakiri au kwa kizazi chao, na tunayo Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana kuzisimamia. Mtu aliyeandika wakfu hakungoja mgeni rasmi. Alitaka taa iwake na mkeka uwepo hata yeye akiwa kaburini.

Hapa nataka kuwa mwangalifu. Wako masheikh wenye kauli nzito juu ya muziki, na mimi si mtu wa kuwafutia kauli zao gazetini. Sisemi zaka ipelekwe huko, maana zaka ina makundi yake manane yaliyotajwa katika Qur'ani, wala sisemi hukumu ya wakfu wa kisheria iwe hivi au vile. Nasema utaratibu ule, wa kutoa mara moja kitu kinachozaa kila mwezi, tunaujua na tunaweza kuutumia katika mfuko wa kawaida wa kiraia kwa ajili ya watoto hawa, na anayeona vyenginevyo atoe kwa mayatima, naye amefanya vyema.

Historia yenyewe inatufundisha. Inasimuliwa kwamba Sultan Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alimpeleka Mohamed Ibrahim Misri akajifunze ganuni, akarudi kumpigia katika kasri. Muziki ule uliishi kwa mfuko wa mtu mmoja. Kisha mwaka 1905 ikaundwa klabu ya taarab ya Ikhwani Safaa, na klabu hiyo, kwa umoja wa wanachama wake, imepita utawala wa masultani, mkoloni, Mapinduzi na vyama vingi, na ipo hadi leo. Nimewafundisha wanafunzi wangu miaka na miaka kwamba kasri lilikwisha na klabu ikabaki, na kila mara nilipolisema hilo nilijiuliza mbona sisi wa leo tumerudi kumngoja sultani, safari hii akiwa balozi au shirika la ng'ambo.

Kwa upande wa vyuo nako kuna deni. Mtoaji wa shilingi 10,000 anastahili risiti kama mtoaji wa dola 10,000. Kama chuo kitaomba umma ukibebe, basi kiweke hesabu zake ubaoni kila baada ya miezi 3, kwa Kiswahili, mapato upande mmoja na matumizi upande wa pili, na walimu waandikwe ni wangapi na wamelipwa hadi mwezi gani. Watu wetu wamechangishwa sana katika mambo mengi yasiyorudi na majibu, na kusita kwao nakuelewa. Vilevile naomba wenye mahoteli, ambao kila jioni huwaweka vijana hawa penye pembe ya mkahawa wawapigie wageni, wafikirie kutenga kiasi kidogo kwa kila chumba kinacholala mtu, kiende kwa walimu waliowafundisha vijana hao. Na wenye harusi wanaweza kuweka bakuli la pili karibu na jukwaa, liandikwe tu "Walimu".

Mtaani kwetu tumeanza. Tuko watu 14, wengi wetu wastaafu, na mmoja ni muuza ndizi. Kila mmoja hutuma shilingi 5,000 kwa simu tarehe 1 ya mwezi, na jina na kiasi huandikwa katika daftari analolishika mke wa imamu. Mwezi wa kwanza tuliagiza nyuzi. Zilifika Jumanne iliyopita kwa mkono wa msafiri kutoka Muscat, na kijana alizifunga mwenyewe barazani huku mwalimu wake akimwelekeza, kazi iliyowachukua kutoka Alasiri hadi karibu na Magharibi. Fedha za mwezi huu tumekubaliana ziende kwa mwalimu huyo, ambaye huja kwa miguu kutoka Mwembeladu. Zitamtosha nauli, hazijamtosha mshahara, kwa hiyo tunawatafuta watu wengine.

Wako,
Mwalimu mstaafu,
Mikunguni, Unguja.